Mwandiko Unaotutoka Mkononi

Vijana wapendwa, wengine wenu husema kwamba kuandika kwa herufi zilizoungana ni mzigo wa wazee, kwa kuwa simu huandika upesi zaidi. Ufini iliacha kuulazimisha mwandiko huo shuleni mwaka 2016. Basi nasi tufuate? Mbona California, makao ya mafundi wa kompyuta, ilipitisha sheria mwaka 2023 ya kuufundisha tangu darasa la kwanza hadi la sita? Wenye mashine wanairudia kalamu. Sisi tunaokatikiwa umeme mara kwa mara tunaitupa!

Asiyeandika herufi zilizoungana hushindwa pia kuzisoma. Fungueni kitabu cha zamani cha ubatizo parokiani: majina ya babu zenu, ya wazazi wao, ya wasimamizi wao, mkono mmoja umeyaunganisha kwa wino. Anayetaka kufunga ndoa huombwa cheti kinachotolewa humo. Je, karani wa kesho ataandika nini, ikiwa machoni pake ni mistari iliyopindapinda tu? Kuupiga picha ukurasa si kuusoma.

Walimu nao wana lawama: mtoto hupewa daftari, wala hapati wa kumwonesha namna ya kushika kalamu. Wakubwa kati yenu wanaweza kuwaonesha wadogo Jumamosi hii.