Ukurasa wa Tovuti ni Ubao wa Chuo

Mwanachuo afundishwapo matumizi ya ubao, huambiwa mapema kwamba ubao si wa mwalimu, bali ni wa yule aketiye nyuma ya darasa. Tarehe na somo huandikwa juu, herufi huwa kubwa, na kisichohitajika hufutwa. Ni ajabu basi kwamba vyuo vinapotengeneza tovuti, aghalabu kanuni hizi husahauliwa, na ukurasa hupangwa ili kumpendeza mgeni rasmi.

Twalisema hili tukijihesabu miongoni mwa wakosaji. Tangazo la kuanza mazoezi ya kufundisha liliwahi kutolewa katika tovuti ya chuo tunachofundisha likiwa picha ya barua yenye mhuri, chini kabisa ya ukurasa, baada ya picha nyingi za mahafali. Wanachuo waliokuwa likizoni waliona bando likiwaishia kabla hawajaifikia barua. Mwenzao asiyeona, ambaye simu yake humsomea maandishi kwa sauti, hakuambulia kitu, kwa kuwa picha ile haikuambatanishwa na maneno yoyote. Aliripoti shuleni akiwa amechelewa siku nne, akalaumiwa kwa uzembe. Uzembe ulikuwa wetu.

Baadaye tuliletewa violezo vitatu tuchague. Cha kwanza kilikuwa na picha kubwa zinazopishana zenyewe. Cha pili kilikuwa na safu tatu, mithili ya gazeti. Cha tatu kilikuwa na safu moja, matangazo yakiwa juu, kisha ratiba, kisha zana za kufundishia. Wengi wetu tulivutiwa na cha kwanza tulipokitazama katika kompyuta ya ofisini. Ndipo tulipompa mwanachuo simu ndogo na kumwuliza: mazoezi yanaanza lini? Katika cha kwanza tangazo lilipita kabla hajamaliza kulisoma. Katika cha pili safu zilibanana, herufi zikawa hazisomeki. Katika cha tatu alijibu mara moja.

Ujuzi wa jambo hili si mgeni. Mwaka 2010 Ethan Marcotte, mbunifu wa Marekani, alieleza namna ya kupanga ukurasa ujirekebishe kufuata upana wa kioo. Miongozo ya kimataifa iliyotolewa mwaka 2008 yataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi iliyo nyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, na picha zenye maana ziwe na maelezo ya maneno. Herufi za kijivu juu ya weupe ni sawa na chaki hafifu juu ya ubao uliochakaa.

Wapo wasemao kwamba bila mhuri tangazo halitaaminiwa. Hoja hiyo ina uzito, kwani matangazo ya uongo huenea upesi. Hata hivyo, maneno na yatangulie, barua ifuate chini yake kama ushahidi. Picha za mahafali nazo zipewe ukurasa wake.

Ndugu walimu watarajiwa, huenda mkatakiwa kesho kupanga ukurasa wa shule yenu. Msianze kwa kuuliza upi unapendeza. Mpeni simu mzazi au mwanafunzi, mwulizeni swali moja analolihitaji, kisha mnyamaze na kumtazama akitafuta.