Nafaka na Mikunde Shamba Moja: Tuitunze Amana ya Ardhi

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mwenye kuotesha mimea ya kila namna, aliyetuamrisha tutoe haki ya mazao siku ya kuyavuna.

Katika nyanda za juu za Kigoma, wilayani Kasulu na Kibondo, wazee wetu walizoea kupanda mahindi na maharage katika shamba moja. Tangu enzi za ukoloni, na hata baada ya uhuru, wataalamu wengi waliwahimiza wakulima watenge kila zao peke yake, na desturi ile ikahesabiwa kuwa ni ujinga. Sisi twasema haikuwa ujinga. Kilichopungua ni utaratibu, wala si hekima.

Mimea ya jamii ya mikunde ina vinundu mizizini, na humo huishi vijidudu vinavyoichukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Majani yake nayo hufunika udongo, yakazuia magugu na mmomonyoko katika miteremko yetu. Ni kweli kwamba kila zao huweza kupungua kidogo likiwa na mwenziwe. Lakini yakijumlishwa mavuno yote mawili, aghalabu eneo lile hutoa zaidi ya ambavyo lingetoa kama lingegawanywa nusu kwa nusu.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Mistari ya mahindi iachane sentimita 90, na katikati ipandwe mistari miwili ya maharage, mvua za msimu zinapoanza. Tusidhani, hata hivyo, kuwa maharage pekee yatatosha kuirutubisha ardhi, kwani uwezo wake ni mdogo kuliko wa kunde au mbaazi. Samadi bado yahitajika, na mwaka unaofuata mikunde ibadilishwe.

Na mifugo ina fungu lake. Baada ya kupura, mabua ya mahindi na makapi ya maharage yasichomwe moto. Ni malisho ya ng'ombe na mbuzi wakati wa kiangazi, nao huturudishia samadi. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba Mwislamu akipanda, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka.

Ndugu zetu, mirathi hugawa mashamba kizazi hadi kizazi, na ardhi haizai ardhi. Mtoto anayekula ugali mtupu hadhoofiki kwa sababu Mwenyezi Mungu amepunguza riziki. Huenda ni sisi tuliopunguza juhudi. Na mavuno yakifika wasaki tano, yaani pishi 300, zaka ya shamba la mvua ni sehemu moja ya kumi. Shamba lililochoka humnyima mwenyewe, kisha likamnyima na maskini haki yake.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba kila msikiti wenye ardhi ya wakfu utenge kishamba kabla ya mvua zijazo: nusu mahindi matupu, nusu mahindi na maharage. Siku ya kuvuna, mazao yapimwe mbele ya jamaa wote, kisha wapewe mayatima na wajane. Mizani itasema kuliko hotuba zetu.

Wabillahi tawfiiq.