Huria si Bure, Ndugu Mhariri

Makala yenu kuhusu "programu za bure zisizo na mwenyewe" imenichekesha, kisha ikanikera. Mwenyewe yupo. Linus Torvalds alipoiweka Linux chini ya leseni ya GPL mwaka 1992, hakuitupa jalalani ili kila mpita njia ajiokotee. Hakimiliki yake alibaki nayo, na leseni ikaweka sharti: ukiirekebisha programu ukamuuzia mwenzako, mpe na msimbo wake, kwa masharti yaleyale. Kuuza ruksa, kuficha marufuku.

Wanaoandika kwa Kiingereza wana udhuru. Neno lao moja limebeba bure na huru kwa pamoja, na Richard Stallman amekuwa akilifafanua tangu miaka ya 1980. Sisi maneno tunayo mawili, nanyi mkachagua lisilofaa!

Lakini hilo ni dogo. Mmeiita Llama, modeli ya lugha ya Meta, "huria" kwa sababu tu inapakuliwa. Hivi mwandishi wenu aliifungua leseni? Ile ya Llama 2, ya Julai 2023, inaitaka kampuni yenye watumiaji zaidi ya milioni 700 kwa mwezi ikaombe kibali kwanza, tena inakataza kutumia majibu ya modeli hiyo kuboresha modeli nyingine za lugha. Open Source Initiative, walezi wa fasili ya uhuria huo tangu 1998, walitamka wazi kwamba haikidhi. Ninyi mmechukua tangazo la kampuni mkaliita habari. Leseni yenyewe ni kurasa chache. Inasomeka kabla chai haijapoa.