Mwenye Ukumbi Ndiye Mlipaji

Katika mkutano wa mwisho wa chama chetu lilipendekezwa azimio ambalo, kwa maoni yetu, lilipita haraka mno. Azimio hilo linawataka walimu walezi wa vyama vya Kiswahili shuleni wawakataze wanafunzi kupiga nyimbo za watu wengine ndani ya michezo ya kompyuta inayochezwa kwa mtandao, kwa kuwa kufanya hivyo ni wizi wa hakimiliki. Mjumbe aliyelitetea alisema kwa ufupi kwamba wimbo ni mali, na mali haichukuliwi bila ruhusa ya mwenyewe. Wajumbe wakapiga makofi, kisha wakaenda kunywa chai. Sisi hatukupiga makofi, na tunawiwa na wenzetu maelezo.

Huenda wako wasomaji wasioijua michezo hiyo, kwa hiyo hatuna budi kuanza na jambo lenyewe. Mwaka 2007 ulitolewa huko Marekani mchezo uitwao The Lord of the Rings Online, uliojengwa juu ya hadithi za J.R.R. Tolkien. Wachezaji wengi, kila mmoja akiwa kwake na kompyuta yake, hukutana ndani ya nchi moja ya kubuni. Mchezaji akipenda, mhusika wake hushika kinubi, filimbi, zumari, ngoma, au ala iliyo jamaa ya udi tunaoujua katika taarabu, naye akapiga sauti moja moja kwa vibonye vya kompyuta yake. Wahusika waliosimama karibu husikia. Aidha, anaweza kuuandika wimbo mzima mapema katika faili, kisha akaamuru upigwe. Uandishi huo ni wa herufi tupu: C, D, E na kuendelea, herufi kubwa kwa sauti za chini na ndogo kwa sauti za juu, pamoja na tarakimu za kuonyesha urefu wa kila sauti. Huitwa ABC, na aliyeusanifu ni Chris Walshaw, ambaye nia yake ilikuwa kuhifadhi nyimbo za jadi za Ulaya.

Kwa njia hiyo wachezaji wameunda bendi, wakagawana sehemu za ala, na kupiga kwa pamoja. Mwaka 2009 walianzisha tamasha lao, Weatherstock, juu ya kilima cha Weathertop kinachosimuliwa na Tolkien. Hakuna kiingilio. Nyimbo zinazopigwa ni mchanganyiko: za jadi, za kutungwa na wachezaji wenyewe, na nyingine nyingi ambazo watunzi wao wako hai na wana haki zao.

Basi mchezaji huyo ameiba nini? Mjumbe wetu alisema "ameiba wimbo", kana kwamba wimbo ni kitu kimoja. Sheria haisemi hivyo. Kuna haki katika sauti iliyorekodiwa, yaani ile santuri au kanda au faili iliyotengenezwa studioni. Na kuna haki katika utungo, yaani maneno na lahani. Mchezaji wetu hakuigusa sauti iliyorekodiwa. Ameusikiliza wimbo kwa masikio yake, akaandika herufi zake, pengine kwa usiku tatu nne, na kinachosikika ni zumari la mchezo. Alichokigusa ni utungo, na hapo ndipo mahali pa kubishana. Anayemweka kapu moja na mtu anayedurufu santuri na kuiuza sokoni hajajipa taabu ya kutazama.

Hata katika utungo, sheria ya Marekani, ambako mchezo huu ulizaliwa, ina huruma fulani kwa mpigaji wa bure. Kifungu cha 110 cha sheria ya hakimiliki ya 1976 kinaruhusu wimbo wa mtu kupigwa mbele ya hadhira bila idhini, mradi hakuna lengo la biashara, wapigaji na waandaaji hawalipwi, na mlango hauna kiingilio. Kwaya ya shule inayoimba uwanjani bure imo humo. Lakini kifungu hicho hicho kinautoa msamaha huo pale muziki unaporushwa kwa umma kwa mitambo. Maana yake, vijana kumi wakikaa chini ya mti na kupiga wimbo hawana kosa. Vijana hao hao wakikutana juu ya kilima cha kubuni, kila mmoja nyumbani kwake, msamaha umewaponyoka. Nia yao haikubadilika, wala malipo hayakuongezeka. Kilichoongezeka ni waya. Na waya huo ni wa nani?

Waya ni wa kampuni. Kampuni ndiyo iliyotengeneza zumari, ikaweka uwezo wa kusoma faili za ABC, ikafungua uwanja. Wachezaji hukaa humo, baadhi wakilipa ada, kwa sababu uwanja unapendeza, na muziki ni sehemu ya kupendeza kwake. Lakini lawama inapokuja, tazameni inavyotiririka kuelekea bondeni. Sheria nyingine ya Marekani, ya 1998, humkinga mwenye mtambo asidaiwe fidia kwa kazi walizoziweka watumiaji wake, akitimiza masharti, mojawapo likiwa kuiondoa upesi kazi inayolalamikiwa. Square Enix ya Japani, ilipoingiza upigaji wa ala katika Final Fantasy XIV mwaka 2017, iliwaonya wachezaji wasipige bila idhini kazi zenye hakimiliki za watu wengine. Tunaielewa hofu yake. Hata hivyo, kumpa mtoto ngoma, kumweka katikati ya uwanja, kumtoza ada ya uwanja, kisha kumwambia kwamba akipiga ngoma anayoijua shauri yake, ni uungwana wa namna gani?

Suala hili si geni kama wenzetu wanavyodhani. Zaidi ya miaka 100 iliyopita mtunzi Victor Herbert aliushtaki mkahawa wa Shanley jijini New York kwa kuimbisha wimbo wake wakati wateja wakila. Mkahawa ulijitetea: sisi tunauza chakula, muziki hatuutozi senti. Mwaka 1917 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kalamu ya Jaji Oliver Wendell Holmes, ilikataa utetezi huo. Ilisema kwamba mteja halipii chakula peke yake. Hulipia na mazingira yake, na muziki umo. Na wote hawakosi kuona nani aliyetakiwa kulipa: mwenye mkahawa. Waimbaji hawakufuatwa majumbani mwao. Herbert alikuwa miongoni mwa waliounda ASCAP mwaka 1914, chama cha watunzi kinachotoa idhini ya jumla: mwenye ukumbi au redio hulipa ada, chama hugawa mirabaha, na mpigaji hupiga kwa amani.

Utaratibu huo ndio tunaoudai kwa michezo ya mtandao, na haushindikani. Mnamo Juni 2021 wachapishaji wa muziki wa Marekani waliishtaki kampuni ya Roblox, wakidai dola zisizopungua milioni 200 kwa nyimbo zilizotumika humo bila leseni. Humo mlikuwa na sauti zilizorekodiwa, tena zilizopakiwa na watumiaji, kwa hiyo kosa lilikuwa zito kuliko la zumari letu. Lakini walioshtaki walikwenda kwa mwenye ukumbi. Septemba ya mwaka huo huo wakapatana.

Tukisema hivi, vijana wetu wasituelewe vibaya. Tumewasikia wakidai kwamba kilichomo mtandaoni hakina mwenyewe. Hoja hiyo tunaipinga kwa nguvu ile ile. Sisi Waafrika ndio tuliopata hasara kubwa ya wimbo usio na mwenyewe. "Malaika" umeimbwa na Miriam Makeba, ukaimbwa na Boney M., umeimbwa katika hoteli na harusi zisizohesabika. Fadhili William, aliyefahamika zaidi kwa wimbo huo, alifariki mwaka 2001, na hadi leo watu wanabishana ni nani hasa aliyeutunga. Laiti jina la mtunzi lingaliandikwa na kuheshimiwa tangu siku ya kwanza, ubishi huo usingalikuwapo.

Wala nyumba yetu wenyewe haijafagiliwa. Juma Bhalo wa Mombasa alipata sifa kubwa kwa kutia mashairi ya Kiswahili katika lahani za filamu za Kihindi, nasi tukamwita fundi, hatukumwita mwizi. Na ni mwalimu gani kati yetu asiyewahi kudurufu tamthiliya nzima kwa ajili ya darasa la wanafunzi 60? Tuliotunga azimio la kuwahukumu watoto ndio tulioshika mashine ya kudurufu.

Jambo lililotuchoma zaidi ni hili. Wimbo wa Kiswahili uliovuma kuliko wote katika michezo ya kompyuta ni "Baba Yetu", uliotungwa na Mmarekani Christopher Tin kwa mchezo wa Civilization IV wa mwaka 2005. Maneno yake ni Sala ya Bwana, kwa lugha tunayoifundisha. Mnamo Februari 2011 ulipata tuzo ya Grammy, na ukawa muziki wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta kuipata. Mwanafunzi mmoja wa chama chetu cha shule, msichana ambaye Kiswahili kwake ni lugha ya tatu, aliuandika wimbo huo kwa herufi za ABC, filimbi mbili na kinubi. Kwa ajili ya kazi hiyo alijifunza silabi zake zote, akatuuliza mkazo unaangukia wapi, akauliza kwa nini ni "yetu" na si "wetu". Katika miaka yetu ya kufundisha, swali hilo la upatanisho wa kisarufi hatujawahi kuulizwa kwa shauku kama ile. Baada ya azimio tulitakiwa tumwambie afute faili. Hatujamwambia.

Lahani ile ni ya Tin, na mrabaha ni haki yake. Aulipe yule anayekusanya ada ya uwanja. Kwa msichana wetu tuna madai mengine, madogo lakini ya lazima. Katika maandishi ya ABC, juu ya kila wimbo huwa na mistari ya utambulisho: unaoanza kwa T ni wa jina la wimbo, unaoanza kwa C ni wa jina la mtunzi. Tulipofungua faili yake, mstari wa T ulijazwa, wa C haukuwapo kabisa. Tulimrudishia kama tunavyorudisha insha isiyo na jina, tukamkumbusha kwamba washairi wetu wa zamani walizoea kujitaja katika beti zao za mwisho.

Tunaomba, kwa hiyo, azimio lile lirudishwe mezani katika mkutano ujao, na kifungu cha kukataza kifutwe. Mahali pake pawekwe vifungu viwili: kwamba hakuna faili ya wimbo itakayopigwa kwa jina la chama chochote cha Kiswahili shuleni kabla mstari wa C haujajazwa, na kwamba katibu wetu aziandikie kampuni za michezo hiyo, kwa niaba yetu sote, kuziuliza zimelipa ada ya muziki wapi, na kwa nani.