Ukiona Vyaelea, Vimeundwa: Kalibu na Ndoto ya Viwanda

Miaka michache iliyopita kijana mmoja niliyemfundisha zamani alinijia ofisini akiwa na mfuko wa salfeti mkononi. Akaufungua, akatoa kipande cha alumini kilichopasuka, akakiweka juu ya meza yangu. Kilikuwa gamba la pampu ya maji, ile pampu ndogo ya petroli ambayo wakulima wa mboga huibeba begani kutoka kisima hadi kisima. "Mwalimu," akaniambia, "injini ya pampu hii ni nzima kabisa. Imetupwa kwa sababu ya kipande hiki tu." Alitaka kukitengeneza hapa hapa nchini. Nami, ambaye nimehutubia juu ya viwanda kwa miaka mingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, nilifurahi mno. Nikampa moyo, nikamwambia aache woga.

Leo kijana huyo ana duka. Anauza pampu zilizoagizwa kutoka nje.

Ningependa, ndugu msomaji, tuitazame safari hiyo ya kutoka kwenye kipande cha alumini hadi dukani, bila haraka ya kumtafuta mchawi. Naamini imebeba jambo ambalo mijadala yetu ya viwanda hulipita bila kulisalimia, nalo ni gharama ya kalibu.

Tulianzia Gerezani, Dar es Salaam, mahali ambapo mafundi wa vyuma wamekuwa wakifua, wakichomelea na kusubu kwa miaka mingi. Fundi tuliyempata alikuwa mtu wa maneno machache. Malighafi yake ilikuwa skrepa: pistoni zilizochoka, vipande vya injini, sufuria zilizotoboka. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, ilhali chuma safi hudai zaidi ya nyuzi 1,500. Ndiyo maana fundi mwenye mkaa, feni na chungu cha kuyeyushia anaweza kuimudu alumini bila tanuri kubwa. Alilizika gamba la mfano katika mchanga ulioshindiliwa, akalitoa kwa uangalifu, akamimina alumini katika nafasi iliyobaki. Baada ya muda akaubomoa mchanga, na gamba jipya likatokea.

Lilipendeza. Lakini tulipolikata tuliona vitundu vya hewa ndani yake. La pili lilikuwa na unene usiolingana. La tatu lilikuwa zuri, ila uso wake ulikwaruza kiasi kwamba lilihitaji kupelekwa kwa mkereza vyuma kabla mpira wa kuzuia maji haujaweza kukaa sawasawa. Na kila gamba lilidai ukungu mpya wa mchanga, kwa maana mchanga huvunjwa kila mara. Kwa sufuria, ufundi ule unatosha, na nchi hii imepikiwa humo kwa vizazi. Kwa gamba la pampu, ambalo tundu la skrubu likihama kwa unene wa kucha tu kitu kizima hakifai, ufundi ule hautoshi. Haukuwa uzembe wa fundi. Mchanga una mipaka yake.

Gamba la asili lilikuwa limetengenezwa kwa njia nyingine, yaani kusubu kwa shinikizo katika kalibu ya chuma cha pua. Nusu mbili za kalibu hufungwa pamoja kwa nguvu ya tani nyingi. Alumini iliyoyeyuka husukumwa ndani kwa kasi kubwa na kuijaza nafasi yote katika muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Ikishaganda, kalibu hufunguka, pini zikakisukuma kipande nje, na kazi ikaanza upya. Kipande kidogo huweza kukamilika ndani ya dakika moja au pungufu, kikiwa na uso laini na vipimo vinavyorudiwa bila kuchoka. Mbinu hii si ya jana. Chimbuko lake liko katika uchapaji wa karne ya 19, pale risasi iliyoyeyuka ilipomiminwa katika kalibu ili kutoa herufi. Mashine ya Ottmar Mergenthaler ya miaka ya 1880, iliyosubu mistari mizima ya maandishi kwa ajili ya magazeti, ni ya ukoo huo huo.

Siri yote imo katika kalibu. Huchongwa katika chuma cha pua cha aina maalumu, na kinachotumika sana kwa alumini hujulikana kwa alama ya H13, kwa kuwa huvumilia joto linalopanda na kushuka bila kikomo. Ndani yake hupitishwa mifereji ya maji ya kupoozea. Huchongwa kwa mashine zinazoongozwa na kompyuta na kwa cheche za umeme, hukaushwa kwa joto ili iwe ngumu, kisha husuguliwa kwa mkono na mtu aliyejifunza kazi hiyo kwa miaka. Hata hivyo haiishi milele. Alumini ikiingia huichoma, dawa ya kulainishia na maji huipooza, na kupanuka na kusinyaa huko huleta nyufa ndogo ndogo usoni mwake. Kalibu nzuri ya alumini yaweza kutoa vipande 100,000 hivi, pengine na zaidi, kabla ya kustaafu. Bei yake huanza maelfu ya dola, na kwa kipande kikubwa chenye maumbo ya kutatanisha hufika mamia ya maelfu.

Kijana wetu aliandikiwa bei na kiwanda kimoja cha ng'ambo: dola 18,000, yaani takriban shilingi milioni 45. Nilipouona waraka ule nilishtuka, kisha nikaona haya kwa kushtuka. Nimefundisha juu ya mapinduzi ya viwanda ya Uingereza, ya Japani na ya Korea Kusini, na sikuwa nimewahi kuuliza kalibu moja inauzwa kiasi gani.

Tufanye hesabu pamoja, kwani hapa ndipo siasa ilipojificha. Milioni 45 zikigawanywa kwa vipande 1,000, kila kipande hubeba shilingi 45,000 za kalibu. Kwa vipande 10,000, hubeba shilingi 4,500. Kwa vipande 100,000, hubeba shilingi 450 tu, bei ya kitu kidogo cha dukani. Kijana alikadiria kwamba mwaka wa kwanza angeuza magamba 2,000. Kila moja lingebeba shilingi 22,500 kabla hajalipia alumini, umeme, mshahara wala usafiri. Gamba kama lile, lililotoka nje na kupitia mikono ya wachuuzi watatu, liliuzwa shilingi 18,000. Alikuwa ameshindwa kabla hajawasha tanuri.

Akaenda benki. Afisa wa mikopo alimsikiliza kwa adabu, kisha akamwuliza kama ana nyumba. Kijana akajibu kwamba dhamana ni kalibu yenyewe. Afisa akatabasamu: "Ukishindwa kulipa, hilo chuma nitamwuzia nani?" Nilipohadithiwa nilikasirika, lakini nilipotulia nilikiri kuwa afisa hakukosea. Nyumba ikinadiwa, atapatikana wa kuinunua. Kalibu ya gamba la pampu haifai kwa kitu kingine chochote duniani isipokuwa gamba lile lile. Ni mali inayomfaa mwenyewe tu, na mikopo yetu imezoea mali inayomfaa kila mtu. Ndiyo sababu kiwanja hukopesheka kwa urahisi kuliko kiwanda.

Pigo la mwisho lilikuwa hili: kwa kuwa hakupata hapa karibu mashine ya kuipokea kalibu ile, ilimlazimu vipande visubiwe huko huko ng'ambo. Angelipa milioni 45 kwa kalibu ambayo asingeitia mkononi kamwe. Akaona ni heri anunue pampu nzima.

Sasa turudi kwenye siasa. Tangu mwaka 2015 tumeimba "Tanzania ya viwanda" kwa sauti kubwa. Kipimo chetu kimekuwa idadi: viwanda vingapi vimefunguliwa, utepe mara ngapi umekatwa. Sibezi hata kimoja; ajira ni ajira. Lakini tazama bodaboda inayopita barabarani. Huenda imeunganishwa hapa nchini, na waliofunga nati zake ni vijana wetu. Kasha la injini yake, ambalo ni alumini iliyosubiwa kwa shinikizo, lilitoka mahali kalibu ilipo. Huko, bei ya kalibu imegawanywa kwa mamilioni ya pikipiki, na kila anayenunua bodaboda Mbagala au Kahama huchangia sehemu yake bila kujua. Ukiona vyaelea, vimeundwa, walisema wahenga. Sisi tumejifunza kushangilia vinavyoelea, tukamsahau mwundaji.

Si kwamba hatukuwahi kulijua jambo hili. SIDO iliundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, TIRDO mwaka 1979 kwa ajili ya utafiti wa viwanda, na haikuchukua muda TEMDO ikaanzishwa Arusha kwa ajili ya usanifu wa mitambo. Mkakati wa Viwanda vya Msingi, uliozinduliwa mwaka 1975, ulibeba fikra kwamba taifa lisiloweza kutengeneza zana za kutengenezea vitu vingine litabaki mteja. Kiwanda cha zana cha Moshi kilitokana na fikra hizo. Kisha ukaja mgogoro wa uchumi, vipuri vikakosekana, na miaka ya 1990 ikaleta ubinafsishaji. Wapo watakaosema serikali haikupaswa kugusa mambo hayo tangu mwanzo. Wapo watakaosema tulisalitiwa. Mimi naona somo la tatu: tulijenga karakana za zana bila kuzijengea wateja. Mashine ya kuchonga kalibu isiyoletewa kazi huota kutu sawa na kalibu isiyo na oda.

Wahindi walilishughulikia tatizo hili kwa njia inayofaa kutazamwa. Mwaka 1968, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, walianzisha Hyderabad taasisi kuu ya usanifu wa zana. Baadaye zikafuata karakana za umma za zana katika miji kama Ludhiana, kwa ushirikiano na Wajerumani, na Jamshedpur, kwa ushirikiano na Wadenmark. Karakana hizo hufanya mambo mawili chini ya paa moja: huwafunza vijana kazi ya kuunda kalibu, na huwachongea wenye viwanda vidogo kalibu kwa malipo. Mwenye kiwanda halazimiki kununua mashine ya kuchongea. Hulipia saa anazozitumia. Msingi wake ni mwepesi kueleweka: gharama ambayo hakuna mdogo anayeweza kuibeba peke yake hubebwa na wote, kama barabara. Hatujawahi kumwambia mkulima wa Njombe ajenge mwenyewe barabara ya kupelekea viazi sokoni. Kwa nini tunamwambia mwenye karakana ajinunulie kila kitu?

Najua pingamizi litakalotolewa, nalo ni la haki. Hata karakana ya umma ingekuwepo, magamba 2,000 yasingelipia kalibu ya shinikizo. Kweli. Ndiyo maana jibu halipo katika mashine peke yake. Kwanza, kuna ngazi ya kati ambayo tumeiruka: kalibu ya chuma inayomiminwa kwa mkono, bila shinikizo. Ni ya bei nafuu mno kuliko ile nyingine, haivunjwi kama mchanga, na hutoa maelfu ya vipande vinavyolingana. Fundi wa Gerezani angeimudu kama angepata mahali pa kuchongewa. Kijana mwenye wateja 2,000 angeanzia hapo.

Pili, oda zikusanywe. Hapa nasema na nyinyi watumishi wa umma mnaosoma ukurasa huu. Serikali ni mnunuzi mkubwa wa pampu, wa dira za maji, wa taa za barabarani. Kila zabuni ikija na umbo lake, kila umbo hudai kalibu yake, na hakuna Mtanzania atakayethubutu kuilipia. Lakini umbo moja likikubaliwa kwa miaka mitano na halmashauri zote, oda hiyo yenyewe inakuwa dhamana. Hata yule afisa wa benki angeacha kutabasamu. Hilo halihitaji mfadhili wala mkutano wa kimataifa. Linahitaji watu wa manunuzi wakae meza moja na wahandisi.

Wanaharakati, ninyi ni hodari wa kuuliza mkataba umeandikwaje na kodi imelipwa wapi. Ongezeni swali moja kila kiwanda kinapozinduliwa: kalibu iko wapi, na ni ya nani? Jibu litawaambia kama kiwanda hicho kitabaki siku mwekezaji atakapofunga virago.

Nanyi wanafunzi wangu, deni langu kwenu ni kubwa zaidi. Nilimpeleka mwenzenu vitani kwa hotuba, bila hesabu. Hajawahi kunilaumu. Nilipomtembelea dukani mwezi uliopita aliniagizia soda, tukakaa kwenye kibao nje. Mkulima mmoja akaja na pampu iliyopasuka gamba, akiuliza kama kipuri chake kinapatikana. Kijana akaigeuza, akaitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akamwambia hakipo, labda anunue pampu nyingine. Mkulima akauliza bei, akaisikia, akaibeba pampu yake begani na kuondoka.

Lile gamba la kwanza bado liko juu ya meza yangu. Muhula huu nitaanza somo kwa kulizungusha darasani, kutoka mkono hadi mkono, na swali la kwanza la mtihani litakuwa hesabu ya kugawanya.