Ulinzi Mbele ya Mnyonge

Miongoni mwa michezo inayowakesha vijana wa vyuo vikuu siku hizi ni ule wa kuongoza timu ya kandanda katika kompyuta. Ulio mashuhuri zaidi ulizaliwa Uingereza mwaka 1992, ndugu wawili, Paul na Oliver Collyer, walipotoa mchezo wa Championship Manager. Tangu mwaka 2004 kazi yao imeendelea kwa jina la Football Manager. Mchezaji wake hapigi mpira hata mara moja. Kazi yake ni ya mwalimu wa timu: huchagua watu, hupanga mstari wa walinzi, hukadiria upana na kasi ya mchezo, kisha hukaa kando akatazama matunda ya fikira zake. Ni mchezo wa akili, na kila mchezo wa akili huzaa wajuzi wake. Kwa bahati mbaya, huzaa na mafundisho ya uongo.

Fundisho moja la uongo limeenea hata limekuwa kama sheria. Hudai kwamba ulinzi ni silaha ya mnyonge, kwa hiyo ni aibu kwa mwenye nguvu kuitumia. Na kwamba anayekutana na timu dhaifu hana budi kuutupa ulinzi wake wote, awamwage watu mbele kama maji ya mtungi uliopasuka. Fundisho hili si kweli, na madhara yake hayaishii katika kioo cha kompyuta.

Insafu yataka kwanza watetezi wake wasikilizwe. Kisa wanachokisimulia ni cha kweli. Mtu huchukua timu ndogo, akawakusanya walinzi karibu na lango lake, akawangoja wakubwa waje. Wakubwa huja kwa kiburi, huacha uwanda mtupu nyuma yao, na shambulio moja la ghafula huwamaliza. Msimu wa kwanza ni furaha tupu. Msimu wa pili mambo hugeuka: timu zilizo mkiani huja kwake, huweka watu kumi nyuma, wala hazitoki. Mpira huzunguka bila faida, na aghalabu mchezo huisha bila goli, au kwa goli moja la mgeni aliyebahatisha kona. Hapo mwenye timu hulalamika kwamba mashine ina hila.

Mashine haina hila. Mchezo huo hupima sifa ya kila timu, na timu iliyopata sifa huogopwa. Aliyekuwa panya amekuwa paka, walakini bado anajificha shimoni akimngoja paka mwingine. Mpaka hapo watetezi wa fundisho lile wanasema sawa: kungoja hakumshindi asiyetaka kuja. Kosa lao linaanza wanapodhani kwamba kungoja na kulinda ni kitu kimoja.

Historia ya kandanda ina mizani ya kulipimia jambo hili. Mwaka 2004 Ugiriki, chini ya mwalimu Mjerumani Otto Rehhagel, ilitwaa ubingwa wa Ulaya kwa kuzifunga Ufaransa, Ucheki na mwisho Ureno, kila moja 1–0. Fainali ilichezwa Lisbon tarehe 4 Julai. Miezi miwili baadaye, tarehe 4 Septemba, mabingwa hao walikwenda Tirana wakafungwa 2–1 na Albania, na katika Kombe la Dunia la mwaka 2006 hawakuonekana. Timu iliyozoea kulilinda goli moja ilijikuta inatafuta magoli, na somo hilo ilikuwa haijalisoma.

Inter ya Milan nayo ilionja uchungu huo. Helenio Herrera aliipa Kombe la Ulaya mwaka 1964 na 1965 kwa ulinzi uliokuwa gumzo la dunia. Tarehe 25 Mei 1967, mjini Lisbon, ilitangulia kufunga kwa penalti ya mapema, kisha ikarudi nyuma; Celtic ya Glasgow ikaisukuma mpaka ikashinda 2–1. Wiki moja baadaye, siku ya mwisho ya ligi, Inter ilifungwa 1–0 na Mantova, timu isiyolingana nayo kwa cheo, na ubingwa wa Italia ukaenda kwa Juventus.

“Basi,” watasema wapinzani, “ulinzi umejihukumu wenyewe.” La, hasha. Na waitazame Brazil ya mwaka 1982. Tarehe 5 Julai, mjini Barcelona, ilikutana na Italia, timu iliyokuwa imetoka sare michezo yake yote mitatu ya duru ya kwanza. Brazil ilihitaji sare tu. Ilipofikia 2–2 ilikuwa na kila sababu ya kutulia. Ikaendelea kumiminika mbele, na Paolo Rossi akafunga goli lake la tatu. Mwenye nguvu alirudi kwao 3–2, huku mikono yake imejaa sifa na mitupu ya ushindi.

Kwa hiyo makosa ni mawili, nayo yana mzazi mmoja. Anayejificha mbele ya mnyonge na anayemvamia bila hadhari wote wawili wamedhani kwamba ulinzi ni mahali, yaani kipande cha nyasi mbele ya lango. Ulinzi si mahali. Ulinzi ni kumnyima mwenzio nafasi, popote mpira ulipo. Mwenye kulielewa neno hili haachi ulinzi wake anapokutana na timu dhaifu, anauhamisha.

Kuuhamisha kuna taratibu zake. Mstari wa walinzi husogezwa karibu na katikati ya uwanja, ili mpira unaopotea utwaliwe papo hapo. Walinzi wawili wa kati na kiungo mmoja hubaki nyuma daima, hata kama wenzao wote wamepanda. Mabeki wa pembeni huutanua uwanja, maana ukuta wa watu kumi huvunjika kwa kunyoshwa kabla haujavunjika kwa kusukumwa. Kasi hupunguzwa badala ya kuongezwa, ili mnyonge ashawishike kutoka kibandani mwake hatua mbili tatu. Na ikiwa walinzi ni wazito wa miguu, mstari husogezwa kwa kiasi, kwa kuwa nyuma ya mlinzi mzito uwanda mtupu ni kaburi.

Kisha huja faida ambayo wahubiri wa kumiminika hawaioni. Goli la kwanza likipatikana, mnyonge hulazimika kutoka. Akitoka, anakuwa mfano wa wale wakubwa waliofungwa msimu wa kwanza: mgongo wake u wazi. Hapo mbinu ya zamani, iliyodharauliwa kuwa ya wanyonge, hurudi kazini na kumaliza shughuli. Ya nini basi kuitupa silaha itakayotakiwa saa ileile?

Wazee wa pwani waliyajua haya bila kompyuta. Katika bao la mashimo 32 na kete 64, kila mchezaji ana shimo liitwalo nyumba, ngome ya akiba yake. Kuna wakati kanuni humpa mwenyewe hiari ya kuilaza nyumba hiyo au kuisafirisha. Anayeilaza milele hufungwa ndani yake. Anayeisafirisha kwa pupa hubaki maskini. Bingwa ni yule aijuaye saa ya safari.

Yamkini wako watakaocheka kwamba mchezo wa kompyuta haustahili hoja nzito namna hii. Lakini tabia inayoonekana pale ndiyo inayoonekana katika mdahalo, katika utawala na katika elimu. Msomi aliyepata shahada huacha hadhari iliyompandisha, akidhani kwamba mbele ya mdogo wake hahitaji tena kupima neno. Au huing’ang’ania mbinu ya ujana wake, haoni kwamba watu wamebadilika kwa sababu yeye amebadilika. Wote wawili wamemdharau mnyonge. Wamesahau kwamba mnyonge naye anafikiri, tena hufikiri zaidi, maana hana kingine cha kutegemea. Anayetaka kumshinda na aanze kwa kumheshimu.