Taa za pikipiki ya babu zimewaka, lakini usimpakie mtoto bado

Zipo nyumba ambazo nyuma ya jiko au chini ya mwembe kuna pikipiki kuukuu iliyoachwa na babu. Kuku wanalala juu ya kiti chake, watoto wanaipanda wakijifanya madereva, na kila mwaka baba anaahidi kuifufua. Siku moja anaifufua kweli.

Chukulia familia moja ya namna hiyo. Kuna baba, mama, binti wa miaka 12 na mdogo wake wa miaka mitatu. Pikipiki ni Honda ya mwishoni mwa miaka ya 1960, yenye betri ya volti 12. Ukipiga kiki inawaka, lakini betri haijai. Ikitembea usiku kwa nusu saa, taa inafifia hadi kufanana na kibatari.

Baba anataka imsaidie kumpeleka binti shule alfajiri, kabla jua halijatoka. Kwa hiyo taa si urembo. Pikipiki isiyoonekana na dereva wa lori inamweka mtoto hatarini.

Fundi wa mtaani ameshampa jibu: rektifaya imekufa. Spea halisi haipo dukani na kuiagiza nje ni gharama kubwa, lakini mbadala wake unaweza kutengenezwa nyumbani kwa shilingi elfu chache. Fundi yuko sahihi. Ila mzazi anayeanza kazi hii anapaswa kujua mambo mawili: nani asikae karibu, na ni kipimo gani kitakachosema kwamba kazi imekwisha.

Kifaa hiki kinafanya nini?

Ndani ya injini kuna koili na sumaku inayozunguka. Vikifanya kazi pamoja hutoa umeme unaokwenda mbele na kurudi nyuma. Betri haiwezi kuchajiwa na umeme wa aina hiyo. Inahitaji umeme unaokwenda upande mmoja tu.

Rektifaya ndiyo inayouelekeza. Inafanya kazi kama valvu ya tairi la baiskeli, upepo unaingia lakini hauachiwi kurudi. Mwenzake ni regyuleta, ambayo kazi yake ni kuzuia chaji isizidi.

Pikipiki nyingi za miaka ya 1950 na 1960, za Japani na hata za Uingereza kama BSA na Triumph, zilikuwa na rektifaya ya seleniamu. Ni visahani vya chuma vilivyopangwa kwenye bolti moja kama mishikaki. Kadiri miaka inavyopita visahani hivyo huchoka, hupitisha umeme kidogo na kupata joto kali.

Hapo pana jambo la afya ambalo wengi hawalijui. Seleniamu ikiungua hutoa harufu mbaya sana, inayofanana na kitu kilichooza, na moshi wake ni sumu inayowasha koo na mapafu. Ukinusa harufu hiyo, zima injini, ondoa watoto na ukae upande ambao upepo unatokea hadi moshi uishe. Kifaa kilichoungua usikivunje wala kukikwangua.

Mbadala wa bei nafuu

Mafundi redio na wauzaji wa vifaa vya umeme wanacho kidude cha mraba chenye miguu minne na tundu la bolti katikati. Ndani yake mna daiodi nne za silikoni. Kinachotumiwa sana kimeandikwa KBPC3510. Namba 35 ni ampea kinazoweza kubeba, na 10 inamaanisha volti 1,000. Mfumo wa chaji wa pikipiki ndogo ya zamani hutoa takriban ampea 10 tu, kwa hiyo kidude hicho hakielemewi.

Miguu miwili yenye alama ya wimbi hupokea waya kutoka kwenye koili. Mguu wenye alama ya kujumlisha huenda kwenye betri kupitia fyuzi. Mguu wa kutoa huenda kwenye fremu, ambayo kwenye Honda huunganishwa na waya wa kijani.

Wenye pikipiki za Kiingereza wawe makini. BSA na Triumph nyingi za zamani zimefungwa kinyume, fremu imeungwa kwenye upande wa kujumlisha wa betri. Ukifuata mpangilio wa Honda utaunguza fyuzi, au waya wote kama fyuzi haipo.

Kidude hiki hupata joto kikifanya kazi. Kifungwe kwa bolti kwenye kipande cha aluminiamu, kipakwe chini yake ile pasti nyeupe ya kupitisha joto, na kikae mahali panapopata upepo. Kukificha chini ya kiti bila bati ni kukipunguzia maisha.

Kabla ya kugusa chochote, betri itolewe waya. Kwenye pikipiki yenye fremu upande wa kutoa, kama hii Honda, waya wa kutoa hufunguliwa kwanza. Pete ya ndoa na saa ya chuma zivuliwe pia. Pete ikigusana na ncha ya betri na fremu kwa wakati mmoja, inaweza kupata moto wa kuunguza kidole kabla hujavuta mkono.

Mtoto mdogo asiwepo

Waya nyingi za kuunganishia, zile zinazoyeyushwa kwa chuma cha moto cha mafundi redio, zina madini ya risasi. Betri yenyewe nayo imejaa risasi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo anaweza kufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima akimeza kiasi kilekile. Risasi huathiri ubongo unaokua, na dalili huwa hazionekani mapema.

Moshi unaopanda wakati wa kuunganisha hautoki hasa kwenye risasi, unatoka kwenye utomvu uliomo ndani ya waya. Lakini nao huamsha pumu. Hatari ya risasi iko zaidi mikononi. Baba anashika waya, anafuta jasho, kisha anamega tonge au anambeba mtoto.

Kwa hiyo kazi hii isifanyike juu ya meza ya chakula. Ifanyike nje, juu ya gazeti au boksi litakalotupwa. Vipande vilivyodondoka viokotwe, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, na shati la kazi lisifuliwe pamoja na nguo za mtoto.

Katika familia yetu ya mfano, mama alimchukua yule mdogo akaenda naye kwa jirani. Binti wa miaka 12 akabaki, amevaa miwani ya kukinga macho, akiwa na kazi moja tu: kusoma mita na kuandika namba.

Taa ziliwaka, furaha ikaja mapema

Ilipofika saa nane mchana kila kitu kilikuwa kimefungwa. Mvua ilianza kunyesha na baba akataka kuwasha injini ndani ya banda.

“Baba watoto, huo moshi unakwenda wapi?” mama aliuliza, amesimama mlangoni.

Swali lake lilikuwa la maana. Moshi wa pikipiki una kaboni monoksaidi, gesi ileile ya jiko la mkaa lililofungiwa chumbani. Yenyewe haina harufu wala rangi, na inaweza kumlegeza mtu kabla hajajua kinachomtokea. Injini haiwashwi bandani, hata mlango ukiwa wazi. Wakasubiri mvua ikatike, wakaisukuma pikipiki uani.

Kiki ya tatu, ikawaka. Baba alipoongeza mafuta taa ikang’aa kuliko alivyowahi kuiona. Akapiga makofi.

“Baba, inaandika kumi na sita,” binti alisema.

“Soma vizuri, mwanangu.”

“Kumi na sita, nukta moja.”

Hapo ndipo wengi hukosea. Taa kali imewafanya waamini kwamba pikipiki imepona, kumbe imehama kutoka ugonjwa mmoja kwenda mwingine. Betri ya volti 12 iliyojaa, injini ikiwa imezimwa, husoma takriban 12.6. Injini ikizunguka kwa kasi ya wastani, mita inapaswa kusoma kati ya 13.5 na 14.5. Ikivuka 15, betri inachemshwa. Kwa pikipiki za volti 6, gawanya namba hizo kwa mbili.

Kilichotokea kinaeleweka. Seleniamu iliyochoka ilikuwa inabana umeme, hivyo ubovu wa regyuleta ya zamani haukuonekana. Silikoni ilipoachia njia, umeme wote ukapita na hapakuwa na wa kuuzuia.

Betri inayochemshwa hutoa hidrojeni, gesi inayoweza kulipuka ikifika asilimia 4 tu ya hewa na ikipata cheche. Huweza pia kurusha tindikali kupitia matundu yake. Na kwenye pikipiki nyingi, betri imekaa pale pale chini ya kiti, karibu na mapaja ya abiria. Huyo abiria alikuwa awe binti.

Baba alizima injini. Jioni ile pikipiki haikutoka, ingawa majirani walikuwa wameshakusanyika kuiona. Jumamosi iliyofuata alifunga regyuleta nyingine inayofaa mfumo huo, akaiacha rektifaya aliyoitengeneza mahali pake. Safari hii binti alisoma 14.2, na baba alipoongeza mafuta zaidi namba haikupanda. Akamwambia aizungushie duara.

Hata hapo baba aliendesha peke yake kwa siku kadhaa, akipima kila jioni na kugusa waya kuona kama kuna uliopata moto, ndipo akanunua kofia ngumu inayomtosha mtoto. Kofia ya mtu mzima inayocheza kichwani haimlindi mtoto.

Ajali ikitokea

Maji ya betri yakiingia machoni, usisugue. Suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 bila kukatisha, huku kope zikiwa zimefunguliwa, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yamepungua. Yakimwagika kwenye ngozi, vua nguo iliyolowa na usuuze vivyo hivyo.

Mtoto akiungua kwa chuma cha moto au ekzosi, weka sehemu hiyo kwenye maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, unga, mafuta ya kupikia na barafu viachwe jikoni. Havitibu, na vingine huongeza madhara. Funika kwa kitambaa safi kisichonata, umpeleke kituo cha afya kama malengelenge yametokea au kama ni usoni, mikononi au sehemu za siri.

Mtu akilegea au akilalamika kichwa kumuuma akiwa karibu na injini inayounguruma, mtoe kwenye hewa safi kwanza, kisha umwahishe hospitali.

Na ile betri ya zamani?

Ikishakufa isivunjwe uani ili kutoa risasi ya kutengenezea vizito vya nyavu, na maji yake yasimwagwe karibu na kisima wala bustani ya mchicha. Irudishwe kwa muuzaji anayepokea betri kuukuu.

Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, wanajua gharama ya jambo hili. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichokuwa jirani nao kiliwaachia sumu ya risasi, watoto wakiwa miongoni mwa walioathirika, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni za Kenya. Madini yaliyowadhuru ndiyo yaliyomo kwenye betri ya pikipiki iliyotupwa nyuma ya choo.

Mzazi anayetaka kuifufua pikipiki ya babu asivunjwe moyo. Kifaa hicho kinatengenezeka, fedha inaokolewa, na mtoto aliyefikia umri wa kuelewa anajifunza umeme kwa macho yake. Lakini nunua mita pamoja na hicho kidude. Bila mita huwezi kujua kama umeitengeneza pikipiki au umeweka betri inayochemka chini ya kiti cha mwanao.

Kile kipande cha boksi ambacho binti aliandikia namba zake bado kimebandikwa ukutani bandani. Juu kabisa pameandikwa 16.1 na kukatwa kwa mistari miwili. Chini yake kuna 14.2, ndani ya duara.